Uzi: Anayebeba Ngao ya Jamii ndiye anayebeba ligi, njooni tubishane kwa namba

#1 Karani wa Kijiwe
Wakuu salaam. Juzi, Septemba 2025, Yanga kampiga Simba 1-0 kwa Mkapa kwenye Ngao ya Jamii, ile mechi ya kufungua msimu wa Ligi Kuu Bara, goli la Pacome kipindi cha pili, Ngao ikaenda zake Jangwani kwa Yanga. Jana kijiweni kwetu kuna mzee anasuka mikeka pale, huwa haongei sana, akasema tu "basi ligi imeisha hiyo, tuonane mwakani". Tukamcheka wote mpaka muuza kahawa. Lakini usiku likaniganda kichwani, nikachukua daftari la hesabu la mwanangu nikaanza kuandika nyuma ya jalada. 2017 Simba kabeba Ngao, kabeba na ligi ya msimu ulioanza mwaka huo. 2018 hivyo hivyo. 2019 hivyo hivyo, 2020 hivyo hivyo. 2021 Ngao ikahama Msimbazi kwa Simba ikaenda Jangwani, na ligi nayo ikahama. 2022 Yanga tena vyote viwili. 2024 Yanga tena. Yaani kuanzia 2017 mpaka 2024, misimu minane, imekataa mara moja tu, 2023. Sasa mnieleze mechi moja ya mwanzo wa msimu, watu bado vifua vizito hata kukimbia hawawezi, inajuaje nani atakuwa bingwa baada ya mechi thelathini? Nataka sababu sitaki matusi.

#2 Mwana wa Twiga
Uzi tayari. Sababu ni moja tu, Yanga ni timu kubwa. Fungeni.

#3 Kolo Mstaarabu
@Mwana wa Twiga kati ya hiyo misimu minane aliyotaja, minne ya mwanzo yote ya Mnyama Simba, hujui kusoma au unajitoa ufahamu? Halafu Karani hiyo 2023 usiipite haraka haraka hivyo, ile ndo Ngao tamu kuliko zote, tuliibeba Tanga Yanga wakiwa na kikosi kile cha kutisha.

#4 Mwana wa Twiga
Tamu kwa lipi mtani? Nusu fainali 0-0 na Singida mkapita kwa penati. Fainali 0-0 na sisi mkapita kwa penati. Mmebeba kombe hamjafunga goli hata moja ndani ya dakika tisini, mechi mbili nzima! Halafu Novemba mkala tano kutoka kwetu.

#5 Kolo Mstaarabu
Kombe linaandikwa jina la aliyebeba, haliandikwi "kwa penati".

#6 Mkwakwani Kwetu
Mimi nilikuwepo Mkwakwani siku ile na naishi huku huku Tanga. Nilikaa nyuma ya goli walikopigia penati, mbele yangu kuna jamaa wa Yanga kavaa kanzu ya kijani kabisa, katoka Dar usiku kucha na basi lililomharibikia njiani, kafika asubuhi hajalala. Kipa wa Simba Ally Salim kadaka penati moja ya Yanga, jamaa akasema "bahati". Kadaka nyingine, jamaa akakaa chini. Aliyodaka mara ya tatu jamaa alijifunika kofia usoni hakutaka kuona, akasikia tu kelele za upande wa pili. 3-1 mchezo umekwisha. Kijana mwenyewe kaingia golini kwa sababu Manula alikuwa majeruhi, mwaka mmoja nyuma hakuna aliyekuwa anamtaja. Kwa hiyo @Karani wa Kijiwe ukiniuliza mimi, ile siku haikupima timu ipi bora, ilipima mikono ya mtu mmoja. Ndo maana ligi ilikataa.

#7 Karani wa Kijiwe
#6 hapo umenipa kitu. Ngoja nirudi kwenye daftari.

#8 Dokta Ofsaidi
Karani kabla hujarudi kwenye daftari nakurekebisha, umechagua miaka inayokupendeza. Kwa nini umeanzia 2017? Kwa sababu ukianzia 2016 nadharia inaharibika. 2016 Ngao alibeba Azam, Yanga alikuwa anaongoza 2-0 ikarudishwa ikawa 2-2, penati Azam 4-1. Ligi akabeba nani? Yanga. Ukirudi 2013, Yanga kamfunga Azam 1-0 kwenye Ngao, ligi kabeba Azam tena bila kupoteza mechi hata moja. 2012 Simba kabeba Ngao 3-2 dhidi ya huyo huyo Azam, ligi ikaenda Yanga. Mtu akichagua mwaka wa kuanzia anaweza kuthibitisha chochote, hata kwamba mvua ya Dar inategemea Coastal Union.

#9 Lambalamba 04
Hatimaye kuna mtu katutaja sisi wa Azam. Ile ya 2016 mimi nilishatoka uwanjani ikiwa 2-0 nawahi daladala, niko Mtoni kwa Azizi Ali nasikia kwenye redio ya konda "goooli". Nikashuka. Nikarudi kwa miguu. Nimefika getini watu wanatoka. Mpaka leo mke wangu ananiuliza ulikuwa wapi siku ile na sina jibu la maana.

#10 Shangazi wa Msimbazi
😂😂 #9 pole baba, na ndo kombe lenyewe pekee la Ngao mlilonalo, umelikosa.

#11 Lambalamba 04
Ndiyo shangazi, moja. 2012, 2013, 2014, 2015, 2019, 2024 tumeingia fainali tukatoka mikono mitupu. 2015 ilikuwa 8-7 kwa penati, nane kwa saba! Timu nzima karibu ipige.

#12 Manungu Damu
Na sisi je? 2009 Mtibwa kamfunga Yanga 1-0 kabeba Ngao, nyie mnaanza hesabu zenu 2017 kama vile mpira ulizaliwa siku hiyo. Na ligi ile Simba kabeba bila kufungwa. Kwa hiyo nadharia ya Karani ikija kwetu Mtibwa, Manungu, inakufa palepale shambani kwenye miwa.

#13 Mzee wa Zamani
Wanangu Ngao haikuanza 2009. Ya kwanza 2001, Yanga alimfunga Simba 2-1. Ikachezwachezwa kila mwaka mpaka leo.

#14 Dokta Ofsaidi
Shikamoo mzee, kwa heshima zote hapo kwenye kila mwaka siyo. 2001 uko sahihi kabisa, ila baada ya 2005 ilisimama, ikarudi 2009 hiyo ya Mtibwa. Kuna kipindi ilikuwa inaitwa Ngao ya Hisani pia, ndo maana wakongwe bado wanaichanganya.

#15 Mzee wa Zamani
Marahaba. Sawa, umri huo. Lakini ya 2001 nilikuwepo.

#16 Karani wa Kijiwe
Haya nimerudi, mtoto kanipa daftari kwa masharti nimnunulie jingine. Nimekubali lawama za Dokta #8, nimeanzia 2009 bila kuchagua. Shikeni: 2009 hapana, 2010 ndiyo, 2011 ndiyo, 2012 hapana, 2013 hapana, 2014 ndiyo, 2015 ndiyo, 2016 hapana, 2017 mpaka 2022 ndiyo zote sita, 2023 hapana, 2024 ndiyo. Jumla Ngao kumi na sita, kumi na moja zimepatia, tano zimekosea. Siyo mbaya hata kidogo.
Sasa kilichonifanya niamke usingizini ni hiki cha #6. Nimetenga zilizoamuliwa kwa penati na zilizoamuliwa ndani ya dakika tisini. Kuanzia 2014, kila aliyebeba Ngao ndani ya dakika tisini kabeba na ligi. KILA mmoja. 2014, 2018, 2019, 2020, 2021, 2022, 2024. Saba kwa saba. Makosa yote ya kuanzia hapo, 2016 na 2023, ni ya penati. Na juzi Yanga kashinda ndani ya dakika tisini. Nimemaliza.

#17 Mwana wa Twiga
Karani njoo Jangwani uchukue kadi ya uanachama bure

#18 Kolo Mstaarabu
Umehamisha goli. Kwanza ulianzia 2017, ukakamatwa, sasa unaanzia 2014. Hizo za 2012 na 2013 nazo ziliisha ndani ya dakika tisini na zilikosea, ila umezifungia nje ya geti. Ungekuwa refa tungekupiga mawe.

#19 Karani wa Kijiwe
#18 sina la kusema, kweli. Na hata 2009. Lakini saba mfululizo bado ni saba.

#20 Fundi Saa
Wakuu mimi siyo mtu wa Simba wala Yanga, mimi ni fundi, acheni niulize swali la kifundi. Mnapima kipimo bila kukilinganisha na kitu. Tuseme sina Ngao, nasema tu "bingwa wa msimu uliopita atakuwa bingwa tena". Huo utabiri hauhitaji hata mechi, unaufanya ukiwa umelala. Unapatia mara ngapi?
Nimehesabu kuanzia 2015 mpaka 2024. Bingwa alitetea 2015, 2016, akapoteza 2017, akatetea 2018, 2019, 2020, akapoteza 2021, akatetea 2022, 2023, 2024. Mara nane kati ya kumi. Na Ngao ya Karani kwa miaka hiyo hiyo kumi? Mara nane kati ya kumi. Sare sare. Sasa Ngao imetusaidia nini ambacho usingizi usingetusaidia?

#21 Dokta Ofsaidi
Hapa umeupiga mwingi fundi.

#22 Shangazi wa Msimbazi
Uzi umeishia #20, modi funga.

#23 Karani wa Kijiwe
Subirini subirini, usifunge. Fundi angalia ni miaka IPI. Usingizi wako ulikosea 2017 na 2021, yaani miaka ile ile ambayo ufalme ulihama. 2017 ulihama kutoka Yanga kwenda Simba, na Ngao ilisema Simba. 2021 ulihama kutoka Simba kwenda Yanga, na Ngao ilisema Yanga. Mtu anayesema kesho itakuwa kama leo hupatia siku nyingi, ila siku ya mafuriko anazama. Ngao iliyaona mafuriko yote mawili.

#24 Fundi Saa
Na Ngao ilikosea 2016 na 2023, ambapo usingizi wangu ulipatia. Kila saa ina dakika zake za kuchelewa. Hatujamaliza.

#25 Mkwakwani Kwetu
Na zote mbili ni penati, narudia, mikono ya kipa.

#26 Muuza Jezi Temeke
Mnabishana hesabu, mimi nawaletea ya mtaani. Nauza jezi nje ya uwanja kule upande wa Uhuru, toka enzi unaitwa Uwanja wa Taifa. Siku ya dabi ya Ngao nafika saa mbili asubuhi natandika turubai, nyekundu kushoto kijani kulia. Mpaka saa tisa mchana zinatoka sawa. Filimbi ya mwisho ikilia upande mmoja wa turubai unakufa kabisa, juzi baada ya mechi nimeuza nyekundu moja tu, tena kwa dada aliyekuja kubadilisha saizi. Na wale wanaotoka wakiwa wamefungwa huwasikii wakisema tutajipanga, unasikia "kocha aondoke", "fulani kauzwa", "viongozi wamekula hela". Mechi ya ligi hata haijaanza! Nadharia yangu mimi ni hiyo, Ngao haitabiri chochote, Ngao inaVURUGA aliyefungwa. Msimu mzima anacheza na presha ya mashabiki wake mwenyewe.

#27 Mwana wa Twiga
#26 hii ndo sababu. Angalia 2022, Simba walikuja na kocha mpya Zoran, Sakho wao akatangulia kufunga, wakavimba, Mayele wetu akawarudisha kwao na mbili. Haikupita hata mwezi na nusu Zoran hayupo, kesho yake yuko Misri.

#28 Kolo Mstaarabu
Kocha mpya tu ndo tatizo, siyo Ngao. Zoran mpya 2022 kafungwa. Gamondi wenu mpya 2023 kafungwa na sisi kwa penati. Fadlu wetu mpya 2024 kafungwa na Yanga nusu fainali, goli la Maxi Nzengeli. Kila kocha mpya anaingia Ngao hajui hata majina ya wachezaji wake.

#29 Dokta Ofsaidi
Na juzi Folz wa Yanga mpya kabisa kashinda, Fadlu wa msimu wa pili kafungwa. Na 2018 Aussems alikuwa na mwezi tu Simba, akambwaga Mtibwa 2-1 pale Kirumba, Mwanza. Nadharia yako imefariki, tunaomba ndugu wasogee.

#30 Mzee wa Zamani
Mimi nawakumbusha 2014. Yanga na kocha Maximo, Azam kala tatu bila, yule Mbrazili Jaja kafunga mawili na Msuva moja. Mji mzima Jaja Jaja Jaja, watoto wamenyoa kama yeye. Sikukuu ya Krismasi haijafika Jaja hayupo, Maximo naye hayupo. Ligi akaja kubeba kocha mwingine, Pluijm. Sasa niambieni ile Ngao ilitabiri nini wakati waliyoibeba hawakumaliza hata nusu ya safari?

#31 Lambalamba 04
Mzee umetonesha kidonda. Lakini hata 2017 hivyo hivyo, Omog alibeba Ngao na Simba, Desemba akafukuzwa, ubingwa wakaja wengine. Na sisi 2016 kocha wetu Mhispania aliyetupa ile Ngao naye hakumaliza mwaka. Hili kombe lina nuksi kwa makocha, wakuu msicheke.

#32 Bi Mkubwa Keko
Kwa hiyo timu inabeba ligi, kocha anabeba begi 😂

#33 Karani wa Kijiwe
#32 nimecheka nikiwa kazini.
Ila ukweli hoja ya mzee #30 inasaidia upande mwingine. Kama kocha anaondoka, straika anaondoka, na bado timu inabeba ligi, maana yake kinachoshinda ni klabu yenyewe, hela, kambi, usajili mzima. 2021 mnakumbuka? Simba kamuuza Chama Morocco na Luis Miquissone Al Ahly, yaani miguu miwili ya timu. Yanga huku kamleta Mayele. Septemba ile Ngao, dakika ya kumi na moja tu Mayele kafunga, 1-0, basi. Dirisha la usajili ndo lilihamisha ufalme, Ngao ilikuwa mahali pa kwanza tu tulipoona.

#34 Shangazi wa Msimbazi
Hapa nakubali japo naumia. Ile siku nilivaa jezi ya Chama, nimeketi mzunguko, kijana nyuma yangu ananigonga begani kila dakika tano "shangazi huyo wa kwenye mgongo wako yuko wapi?" Nikamwambia yuko Berkane. "Kufanya nini?" Mpaka nikahama siti.

#35 Mwana wa Twiga
😂😂😂 huyo kijana nilikuwa mimi

#36 Shangazi wa Msimbazi
Mungu anakuona mwanangu.

#37 Msomi wa Kanuni
Samahani nachepusha kidogo. Mimi kinachonikera siyo nani anabeba, ni nani ANACHEZA. Utaratibu tunaoambiwa ni bingwa wa ligi na bingwa wa Kombe la Shirikisho. Klabu moja ikibeba vyote viwili nani anakuja? 2020 Simba alibeba vyote, akaletwa Namungo aliyekuwa fainali ya kombe, wakacheza Arusha, Sheikh Amri Abeid, Simba 2-0. Wa pili kwenye ligi alikuwa Yanga na hakuitwa. 2022 Yanga kabeba vyote, fainali ya kombe alikuwa Coastal Union, wakapigana mpaka 3-3 na penati. Ngao akaitwa nani? Simba, wa pili wa ligi. Mwaka huu Yanga kabeba vyote, fainali ya kombe kule Amaan, Zanzibar, alikuwa Singida Black Stars. Ngao akaitwa nani? Simba. Naomba mtu aniambie mstari umechorwa wapi.

#38 Kolo Mstaarabu
Mstari umechorwa kwenye geti la mzunguko. Uwanja una watu elfu sitini, Singida angeujaza?

#39 Manungu Damu
Ndiyo hapo sasa. Ndo maana sisi wa mikoani tunasema hii siyo Ngao ya Jamii ni Ngao ya Kariakoo. Jamii ni nani, mtaa wa Msimbazi wa Simba na mtaa wa Twiga wa Yanga tu? Sisi tumeshuka daraja 2024 tumepanda tena, tunarudi ligi kuu hatuna kelele, ila kombe la 2009 lipo kabatini na hakuna anayelitaja mpaka nilitaje mimi.

#40 Mkwakwani Kwetu
Ndo uzuri wa ule mfumo wa timu nne wa 2023 na 2024. 2023 tulipata Simba, Yanga, Azam na Singida hapa Tanga, hoteli zote zilijaa, shemeji yangu alipangisha mpaka sebule. 2024 Coastal yetu iliingia, ilikula tano kwa mbili na Azam kule Amaan lakini iliingia. Mwaka huu wamerudisha mechi moja, tumerudi kule kule.

#41 Dokta Ofsaidi
Mwaka huu kulikuwa na CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Agosti nzima, uwanja wa Mkapa ulikuwa unatumika, wachezaji wako Taifa Stars. Ungeweka timu nne lini? Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni.

#42 Msomi wa Kanuni
Hiyo inaeleza kwa nini mechi moja. Haielezi kwa nini Simba na siyo Singida.

#43 Dokta Ofsaidi
Wa pili kwenye ligi ya mechi thelathini kafanya kazi kubwa kuliko aliyefika fainali ya mtoano. Mimi naona ni haki.

#44 Msomi wa Kanuni
Basi 2020 Namungo alifanya nini pale?

#45 Dokta Ofsaidi
...narudi baadae, kazini pananiita.

#46 Bi Mkubwa Keko
Dokta kakimbia wagonjwa 😂
Mimi naishi jirani na uwanja na naomba kuongea kama jamii yenyewe. Siku ya Ngao barabara ya Mandela haipitiki, bodaboda wanapanda mpaka kwenye baraza langu, kuna mwaka kijana wa mavuvuzela alilala nje kwangu akaamka akaniomba maji ya kunawa. Nampa. Nauza ukwaju na mihogo ya kukaanga siku hizo, siku moja ile naingiza ya wiki mbili. Kwa hiyo wakiuliza Ngao ni ya jamii gani semeni ni ya mimi.

#47 Fundi Saa
Jina lenyewe ni kama la Waingereza, kule ilikuwa Charity Shield tangu 1908, 2002 wakaiita Community Shield. Kwetu nako hisani ikawa jamii. Kwao pia kila mwaka wanabishana ni kombe au bonanza.

#48 Lambalamba 04
Ni kombe ukibeba. Ni bonanza ukifungwa. 2024 tulifungwa na Yanga 4-1, Feisal wetu katangulia kufunga, halafu nani akasawazisha? Dube! Dube aliyekuwa wetu msimu uliotangulia! Nilipofika nyumbani nikasema lilikuwa bonanza.

#49 Mwana wa Twiga
Na Feisal alikuwa wetu. Ngoma droo.

#50 Shangazi wa Msimbazi
Ile mechi ilikuwa ya watalaka, kila mmoja anamfunga mwenzake wa zamani. Kama 2020 Morrison, katoka Yanga juzi tu kaja kufunga goli la Ngao na jezi nyekundu.

#51 Kijana wa Elfu Mbili
Oya wazee hivi ile ya 2019 Simba 4-2 Azam pale kwa Mkapa si ndo Shiboub alichafua

#52 Muuza Jezi Temeke
2019 hakukuwa na kwa Mkapa kijana. Ulikuwa Uwanja wa Taifa, jina limebadilishwa 2020 baada ya mzee Mkapa kufariki. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na fulana zimeandikwa "Taifa" hazikuuzika tena, nikampa fundi magari akafutia oili. Siku hizi wengine wanauita Lupaso, kijijini kwake.

#53 Kijana wa Elfu Mbili
Sawa mzee baba. Ila Shiboub alichafua.

#54 Muuza Jezi Temeke
Alichafua kweli.

#55 Mwana wa Twiga
Wakuu naufufua uzi, zimepita siku kadhaa. Mmeona? Fadlu keshaaga Msimbazi, kaenda Raja Casablanca. Muuza Jezi #26 wewe ni nabii. Ngao imevuruga!

#56 Kolo Mstaarabu
Imevuruga nini, kapata ofa nono kaondoka. Mtu haendi Raja kwa sababu ya goli la Pacome.

#57 Karani wa Kijiwe
Lakini angalia, 2022 kapoteza Ngao, Zoran kaenda Afrika Kaskazini. 2025 kapoteza Ngao, Fadlu kaenda Afrika Kaskazini. Nimeandika kwenye daftari.

#58 Fundi Saa
Mbili siyo kanuni, Karani. Saa iliyokufa nayo hupatia mara mbili kwa siku.

#59 Karani wa Kijiwe
Ndo maana nimeandika kwa penseli.

#60 Muuza Jezi Temeke
Mimi siyo nabii, mimi nina jezi nyekundu arobaini na mbili kwenye kiroba. Mwenye kutaka anione, bei ya maelewano. Kolo Mstaarabu ulisema una imani na msimu huu, saizi gani?

#61 Kolo Mstaarabu
XL. Lakini naweka dau hapa hapa watu wote washuhudie, Simba ikikosa ligi naweka picha ya chura, lile jina la utani la Yanga, kwenye wasifu wangu mwezi mzima. Ikibeba, Karani analichoma lile daftari na Mwana wa Twiga anamwomba shangazi msamaha wa ile siku ya jezi ya Chama.

#62 Mwana wa Twiga
Nimekubali. Chura tutakuchagulia sisi.

#63 Shangazi wa Msimbazi
Msamaha nautaka hata kesho, sisubiri ligi.

#64 Karani wa Kijiwe
Daftari siyo langu ni la mtoto, na kalitumia kwa zoezi la sehemu na desimali leo asubuhi. Mwalimu kaweka tiki nyekundu juu ya Ngao ya 2016.